Siku Gari Lilipotupita Tukiwa Steshoni

Tuliokuwepo asubuhi ile ni hawa. Kwanza mimi, mke mkubwa wa marehemu mume wangu. Pili mke mwenzangu, aliyeolewa baada yangu; mume alipotutoka tulibaki wawili katika boma moja, tukigombana mchana na kupikiana jioni. Tatu mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pili, mtu wa kwao Pap Onditi, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye amepanga nyumba Migosi, mjini Kisumu, na familia yake. Nne mama wa dirishani, aliyekuja huku zamani kutoka upande wa Murang'a akiuza viazi, na ambaye hana undugu nasi ila ule wa kuombana chumvi. Baadaye wakaja nyapara wa reli na watu wake wawili wa kazi. Hao hawakuwa ndugu zetu, ingawa mke mwenzangu alimhoji mmoja wao mpaka akagundua kwamba dada yake ameolewa katika kijiji alikozaliwa yeye. Akawa shemeji papo hapo, na mambo yakaenda.

Majina yao yote ninayo. Ninayo majina ya watu wa kijiji hiki, na ya baba zao, na ya wale waliokufa wachanga ambao hata mama zao wameacha kuwataja. Shule niliiacha darasa la pili, ndugu yangu wa kiume alipofikia umri wa kusoma, kwa hiyo mambo yangu niliyaweka kichwani kwa kukosa mahali pengine. Lakini jina la mkwe haliingii kinywani mwa mama mkwe wake, na nikilificha lake peke yake wengine watasema nimewaanika wao. Kwa hiyo nimewaficha wote. Walio hai watajijua.

Ukitoka Kisumu mjini ukifuata reli, ukapita nyuma ya Nyamasaria, kabla hujaanza kuona miwa, ndipo ilipo steshoni yetu. Wageni huipita wakidhani ni choo cha shule. Ni chumba kimoja cha mawe chenye mabati ya kutu, benchi moja la saruji, tangi la maji lililotoboka, na jukwaa fupi ambalo behewa moja likisimama jingine hubaki vichakani. Tikiti hukatwa ndani ya gari. Lile dirisha lililokuwa la karani ndipo mama wa dirishani amefungua duka: unga, sabuni, mayai, sukari ya kupimwa, na maneno ya bure.

Gari hupita asubuhi likienda mjini, jioni likirudi, siku linapopita. Wanaolipanda hawajai kiganja. Wengi hukimbilia lami, kwa sababu huko pikipiki hazikosekani. Tuliobaki na reli ni wakongwe, wauza mboga wenye mafungu makubwa, na watu wasiopenda kukimbizwa. Dereva naye ana kanuni yake na sisi. Akiona mtu jukwaani anasimama. Asipoona mtu anapiga honi na kupita zake. Hapa hakuna kengele wala bendera. Mtu ndiye bendera.

Sasa niseme habari ya macho, maana ndiyo iliyotutoa nyumbani.

Macho yangu yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Ugonjwa huo ulikuja kama ukungu wa ziwani, ila ule wa ziwani jua likipanda huondoka, na wangu ulikaa. Kwanza nilishindwa kuchagua vijiwe kwenye omena, wale dagaa wa ziwani, tukawa tunatafuna mchanga na mke mwenzangu akawa ananiuliza kama nimeanza kupika barabara. Halafu nikashindwa kutia uzi kwenye sindano. Halafu nyuso zikaondoka. Nikawa namjua mtu kwa mwendo wake na kikohozi chake. Mtu akisalimu kanisani nilikuwa nangoja neno la pili kabla ya kumjibu, nipate kuhakikisha sauti. Wengine wakasema mama huyu siku hizi anajivuna.

Kanisa moja mjini likaleta madaktari wa macho kutoka mbali. Binti yangu, wakati huo akiwa mja mzito, alinipeleka kupimwa. Wakasema jicho la kulia linaweza kupasuliwa, wakanipa siku yangu, nayo ilikuwa siku ya mwisho kabla hawajafunga vifaa vyao. Mwuguzi alinishika goti akaniambia taratibu, "Mama, usipofika siku hiyo sisi tunahamia kwingine. Kurudi hapa sijui lini. Na jicho hili halitakungoja."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Binti akajifungua siku chache baadaye. Nilimpakata mtoto nikamnusa, nikamgusa pua na vidole, watu wakaniambia anafanana na nani, na mimi nikaitikia tu. Kwa kuwa binti alikuwa bado na uzazi, ikaamuliwa kwamba mkwe ndiye atakayekuja kunichukua.

Hapa lazima nieleze kwa wasio wa kwetu. Mama mkwe na mkwe ni watu wanaoheshimiana kwa umbali. Hatushikani mikono. Hatuketi benchi moja. Hatuli tukitazamana. Nikiingia, yeye anatoka, na si kwa chuki, ndiyo adabu yenyewe. Neno langu kwake hupitia kwa mtu mwingine, hata kama amesimama karibu kiasi cha kusikia ninavyopumua. Kuninyanyua kwenye gari hawezi, kunishika mkono hawezi. Mpango ulikuwa kwamba mke mwenzangu anishike mkono mpaka steshoni, kondakta wa gari anipandishe, mkwe akae behewa hilohilo upande wa nyuma, na mjini binti anipokee.

Alifika jioni ya kuamkia siku hiyo, mawingu yakiwa yamejaa kutoka upande wa ziwa. Hakuingia bomani. Alisimama nje ya ua.

"Mwambie mama kesho tutoke mapema," akasema.

"Anasema kesho mtoke mapema," mke mwenzangu akaniambia, na mimi nilikuwa nimesikia kila neno.

"Mwambie nimesikia. Muulize kama amekula."

"Anauliza kama umekula."

"Mwambie nimekula."

"Amekula. Sasa mnipe nafasi niende nikafungie kuku, ama nitabaki hapa katikati yenu kama waya wa simu."

Mkwe halali kwa mama mkwe, kwa hiyo alikwenda kulala dukani kwa mama wa dirishani, kati ya magunia ya unga. Asubuhi yake mama huyo alitangaza kwamba mgeni wetu ni mtu wa adabu, amekoroma kwa sauti ya chini.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Kulipopambazuka mto ulikuwa umetoka kwenye kingo zake, barabara ya kwenda lami imezama, na waendesha pikipiki wamekaa kwenye vibaraza wakitazama maji. Hatukuwa na njia ila reli, kwa sababu reli imejengwa juu ya tuta.

Sikilizeni sasa jinsi tulivyojiponza.

Mkwe alikuwa wa kwanza kutoka, akaketi kwenye benchi. Alipotuona tunakuja njiani, mimi na mke mwenzangu, aliinuka akaenda kusimama nyuma ya tangi, akatupa mgongo, ili wazee tupate benchi. Sisi hatukumwona akiinuka. Mimi sioni, na mke mwenzangu alikuwa ameinamisha uso kama inavyotakiwa. Tulisikia tu akikohoa. Tukajua yuko benchini.

"Tusimwondoe," nikanong'ona. "Mtoto wa watu amelala kwenye magunia."

Tukazunguka nyuma ya chumba, tukaketi juu ya mataruma ya zamani ya reli yaliyopangwa pale. Yeye nyuma ya tangi akijua sisi tuko benchini. Sisi nyuma ya chumba tukijua yeye yuko benchini. Na mama wa dirishani ndani akichemsha chai, akijua jukwaa lake limejaa watu leo kuliko siku zote.

Nililisikia gari kabla ya mke mwenzangu. Mtu asiyeona husikia kwa makalio pia; mataruma yalianza kutetemeka. Nikasimama, nikafunga leso vizuri, nikangoja lipunguze mwendo ndipo tutokeze, maana sikutaka kutokeza mapema nikakutana na mkwe uso kwa uso. Halikupunguza. Lilipiga honi moja ndefu, upepo wake ukanipiga leso usoni, na nikasikia magurudumu ya mwisho yakienda zake mjini.

Palikuwa kimya mpaka vyura wakaanza tena.

Mama wa dirishani akatoka na kikombe mkononi. "Mbona gari halijasimama?" Halafu nadhani akatutazama tunavyotokea, sisi huku na mkwe kule. "Ngoja kwanza. Wewe ulikuwa nyuma ya tangi?"

"Ndiyo, mama."

"Na nyinyi mlikuwa nyuma ya nyumba."

"Ndiyo," mke mwenzangu akasema.

"Nani alikuwa kwenye benchi?"

Mke mwenzangu akaanza kunikung'utia leso.

"Haya. Benchi lilikuwa limeketi peke yake." Akanywa chai kidogo. "Nimeishi na nyinyi miaka mingi, nimejua mnapenda heshima. Sikujua mnaweza kuheshimiana mpaka gari liwapite."

Siku nyingine ningecheka. Nilikwenda kwenye benchi nikaketi, sasa kwa kuwa halikuwa na kazi, na nikaweka mikono mapajani. Nilifikiria yule mwuguzi akiita jina langu na watu wakitazamana. Niliwaza kwamba mtoto wa binti yangu atajifunza kutembea, nami nitamjua kwa mwendo tu.

"Mwambie mama anisamehe," mkwe akasema.

"Anasema umsamehe."

"Mwambie si kosa lake."

"Anasema si kosa lako."

"Mwambie ni langu, mimi ndiye niliyetumwa."

"Mkimaliza kuambiana," mama wa dirishani akasema, "mtu atuambie mama huyu atafika mjini kwa njia gani."

Mkwe akasema, kupitia kwa mke mwenzangu, kwamba atakwenda mbio kwa miguu juu ya reli awaombe madaktari wangoje. Nikajibu, kwa njia hiyohiyo, kwamba daktari anapasua jicho, hapasui ombi. Mke mwenzangu akasema tutembee wote. Nikainuka kweli, nikajaribu. Mataruma hayajapangwa kwa ajili ya mguu wa mwanamke mzee. Ukikanyaga moja, la pili liko karibu mno na la tatu liko mbali. Sikufika hata kwenye tangi. Nikarudi benchini, nikamwambia Mungu kimoyomoyo kwamba nimemsikia.

Ndipo troli ikaja.

Kwa msioijua, troli ya reli ni ubao juu ya magurudumu manne ya chuma, na juu ya ubao kuna kiti kifupi cha watu wawili. Watu wa kazi hukimbia nyuma, miguu juu ya chuma cha reli, wakisukuma, na ikishika mwendo wanaruka na kusimama nyuma ya kiti. Nyapara alikuwa akikagua tuta baada ya mvua, akielekea mjini nyuma ya gari. Mama wa dirishani alishuka jukwaani akasimama katikati ya reli na kikombe chake.

"Simama hapo," akamwambia. "Una abiria."

"Mama, hili si gari."

"Gari limepita. Umebaki wewe."

"Siruhusiwi kubeba mtu asiye wa kazi."

"Huyu si mtu, ni jicho. Daktari wa mjini anapasua macho leo, kesho hayupo. Beba jicho, mtu atalifuata."

Nyapara akacheka puani, lakini hakusema ndiyo. Wakati huo mke mwenzangu alikuwa amekwisha kumshika mmoja wa watu wa kazi, anamuuliza kwao wapi, mama yake nani, dada zake wameolewa wapi. Tukamsikia akipaza sauti.

"Nyapara, huyu kijana wako ni shemeji yangu. Unataka shemeji yangu apite hapa akimwacha mama wa boma letu kwenye benchi? Atakula wapi siku akija kwetu?"

"Mimi sikujua ni shemeji," yule mtu akajitetea.

"Sasa umejua."

Nyapara akaja karibu nami. "Mama, unaniona?"

"Naona kitu kirefu kinachonuka grisi."

"Ndiye mimi." Nilisikia akikuna ndevu. "Kiti ni cha watu wawili, na mimi lazima niketi mbele niangalie njia. Nafasi ni moja. Mama atapanda peke yake."

Hapo nilisikia viatu vikivuliwa na kuwekwa juu ya saruji. "Mimi nitasukuma," mkwe akasema. Alimwambia nyapara moja kwa moja, kwa kuwa nyapara si mama mkwe wa mtu.

"Umewahi?"

"Nimesukuma mikokoteni ya vyuma sokoni Kibuye."

"Mkokoteni haukimbii juu ya kitu chembamba kama kidole."

"Nitaanguka mara moja, halafu nitajua."

Mama wa dirishani na mke mwenzangu walininyanyua, mmoja huku, mmoja huku, wakaniweka kwenye kiti kama gunia la mtu wanayemheshimu. Mke mwenzangu akanifunga leso yake juu ya leso yangu. Yeye huogopa kila kitu chenye magurudumu, na nilisikia furaha yake ya kubaki.

"Mikayi," akaniambia, ndivyo sisi humwita mke wa kwanza, "huko njiani nani atawapelekea maneno?"

"Tutanyamaza," nikasema.

Tukaondoka. Sijawahi kwenda mahali popote nikiwa mbele kiasi kile. Kwenye gari mtu huketi ndani. Kwenye troli unakuwa wewe ndiye pua ya safari. Upepo wa baada ya mvua ulinijaa mdomoni. Nyuma yangu nilisikia nyayo za watu watatu juu ya chuma, mbili zenye mazoea, na moja iliyokuwa ikiteleza, ikigonga kokoto, ikirudi juu. Aliteleza zaidi ya mara moja, hilo nalishuhudia. Hakuomba kupumzika.

Nyapara alikuwa akinisimulia, nami sikumwomba. "Kulia kwako, mama, shamba la mahindi limekuwa ziwa. Kuna bata wa mtu anaogelea kati ya mabua. Kushoto kuna mwanamke anachota maji jikoni kwake kwa sufuria." Nilimshukuru kwa hayo. Watu wengi wakiwa na mtu asiyeona huona haya kutaja kinachoonekana.

Tukafika darajani. Nyapara akasimamisha, akashuka, akaenda kwa miguu mpaka ng'ambo na kurudi, akitazama nguzo. Maji yalikuwa yananguruma chini yetu, yanapita na matawi. "Linapitika," akasema, "lakini polepole. Darajani hakuna mahali pa kukimbilia. Sukumeni, mruke juu, iende yenyewe."

Wakasukuma, wakaruka. Nikasikia ubao ukizama kidogo kwa uzito wao, na mtu mmoja akisimama nyuma ya bega langu, anahema. Nilijua ni nani. Nikajisogeza mbele, na yeye nadhani alijisogeza nyuma, ila nyuma yake kulikuwa na mto.

Katikati ya daraja gurudumu likakanyaga kitu, tawi lililoletwa na maji, nyapara alisema baadaye. Troli ikaruka. Kiti kile hakina mkono upande. Nikajikuta nakwenda, mwili wote, upande ambao hakukuwa na kitu ila ile ngurumo.

Mkono ulinishika begani, wa pili ukanishika hapa juu ya kiwiko. Ilikuwa mikono migumu, yenye makovu ya moto wa kuchomelea, nilihisi ukali wake kupitia leso zote mbili.

"Maro, shika ubao," akasema sikioni mwangu. Maro ni mama mkwe kwa lugha yetu. "Shika ubao. Nimekushika."

Lilikuwa neno la kwanza aliloniambia mimi mwenyewe tangu aoe kwangu.

Nilishika ubao. Hakuniachia mpaka niliposikia chini yetu sauti ya kokoto badala ya maji. Hapo akaondoa mikono haraka, kama mtu aliyegusa sufuria motoni, akaruka chini akaanza kusukuma kabla wenzake hawajashuka. Nyapara alijifanya ana shughuli kubwa na breki.

Tulikwenda kitambo hivyo. Nilijua yaliyo kwenye moyo wake, maana yalikuwa kwenye wangu pia. Kwa wazee wa zamani jambo lile lingeitiwa kikao. Lakini nilikuwa nimeketi mzima juu ya kile kiti, na maji yalikuwa nyuma. Nikasema bila kugeuka, kwa sauti ya kumfikia, "Asante, mwanangu."

Troli ndiyo iliyojibu, ikaongeza mwendo mpaka nyapara akamwambia apunguze.

Nyapara alituteremsha kwenye kivuko cha barabara kabla ya steshoni kubwa, asije akaulizwa maswali. Tukachukua tuktuk, mimi nyuma, mkwe mbele akibanana na dereva. Kanisani binti yangu alikuwa amesimama langoni na mtoto mgongoni. Alitutazama, akamwambia mumewe, "Viatu vyako viko wapi?"

"Viko steshoni, kwa mama mdogo."

"Na matope haya yote?"

"Mpeleke mama ndani kwanza."

Walikuwa wameniita, wakaniita tena, wakaniweka mwisho. Mwisho ulikuwa bado haujafika. Nililala kwenye kitanda chembamba, mwuguzi yuleyule akanishika goti, na kazi ikafanyika.

Usiku nililala kwenye ukumbi wa kanisa pamoja na wenzangu wenye jicho moja moja, kwa sababu mama mkwe naye halali nyumbani kwa mkwe. Tulicheka sana mle ndani. Asubuhi wakatufungua bandeji mmoja mmoja. Yangu ilipotoka niliona kwanza mwanga mwingi, halafu kidole cha daktari, halafu, mbali kule mlangoni, rangi ya waridi. Nikakaza jicho. Zilikuwa ndara. Ndara za waridi za binti yangu, ndogo, na ndani yake miguu ya mwanamume iliyochubuka, visigino vikining'inia nje. Alikuwa amesimama ametupa mgongo.

Binti akaniletea mtoto. Nilimtazama mpaka mwuguzi akasema nipumzishe jicho. Alikuwa na paji pana na masikio yaliyosimama wima, na sikujua ameyatoa wapi masikio hayo, maana kwetu hayapo.

"Mwambie mume wako ageuke," nikasema.

"Mama?"

"Mwambie."

"Mama anasema ugeuke."

Aligeuka taratibu, macho chini. Zamani, nilipokuwa naona, nilikuwa nikimtazama kwa pembeni tu, kama ilivyo adabu, na baadaye hata pembeni hapakuwepo. Sasa nilimtazama mzima. Ni mtu mwembamba kuliko sauti yake. Ana alama ya cheche juu ya nyusi, na masikio yamesimama wima pande zote mbili kama yanasikiliza mvua. Nilicheka, binti akacheka bila kujua sababu, na yeye akatabasamu kwa sakafu.

Jioni tulirudi kwa gari, yeye nyuma ya behewa, mimi mbele. Mama wa dirishani alikuwa jukwaani.

"Umeniona?"

"Nimekuona. Kumbe umezeeka."

"Wewe ulidhani ningekungoja upone ndipo nizeeke?"

Ndugu wa marehemu mume wangu, mzee wa boma letu, tulimpelekea habari ya darajani, maana jambo kama hilo halifichwi. Alisikiliza mpaka mwisho. "Alikushika ngozi au leso?" akauliza. Nikasema leso, tena mbili. "Basi leso ndizo zilizoshikwa," akasema. Kuku alichinjwa hata hivyo, kwa kuwa mke mwenzangu alisema shauri halikatwi kwa midomo mikavu.

Nasikia watu wakisema steshoni yetu haina faida, abiria hawatoshi, afadhali ivunjwe. Sina la kuwajibu kwa hesabu. Mimi nashukuru kwamba ipo. Namshukuru nyapara, ambaye hajapita tena nikamwona kwa jicho langu jipya. Namshukuru mwanamke wa Murang'a aliyesimama katikati ya reli. Mkwe akija kunichukua siku hizi, kwa kuwa jicho la kushoto nalo linataka daktari, hatuendi nyuma ya kitu. Yeye husimama mwanzo wa jukwaa, mimi mwisho wake, tumepeana migongo, na dereva anatuona wote wawili kutoka mbali.

Haya ndiyo ninayokumbuka. Mke mwenzangu anasema nimekosea, kwamba sisi ndio tuliotangulia steshoni na mkwe akatukuta, na kwamba aliyesema tuende nyuma ya chumba ni mimi kwa sauti kubwa, si kwa kunong'ona. Huenda. Kama wewe ulikuwa kwenye lile gari asubuhi ile, ukatazama dirishani ukaona jukwaa tupu, au kama ni wewe uliyekuwa ukisukuma upande wa pili wa mkwe wangu na ukaona vizuri lililotukia darajani, tafadhali njoo unirekebishe. Niite kwa jina langu tu nikiwa uani. Nitalijibu, na lako nitakuwa nalo.